Nianze na Unesi, Halafu Nipande?

(Haya ni mazungumzo niliyofanya na klabu ya afya ya shule moja ya sekondari huko Pugu, pembezoni mwa Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ili na wewe uliye mbali uyapate.)

 

Mara ya mwisho nilipofika hapa tulizungumza juu ya malaria. Tulipomaliza nikaenda kituoni kusubiri daladala ya Gongo la Mboto. Akanifuata mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu. Jina lake silitaji, na ninyi msianze kugeuka geuka kumtafuta. Aliniuliza hivi:

"Dada, mimi nataka kuwa daktari. Lakini nyumbani hela ya kusoma miaka yote hiyo hakuna, mama anauza maandazi tu. Kaka anasema nianze na unesi, nipate kazi, halafu nipande pole pole mpaka udaktari. Na kwa kuwa unesi hauna mambo ya Fizikia, nimeonelea niiache. Unasemaje?"

Daladala ilikuja, nikaiacha ipite. Swali lile halikuwa la kujibiwa huku mguu mmoja uko kwenye ngazi ya gari. Nilimwambia machache, nikamwahidi kwamba nikirudi nitalijibu vizuri mbele ya wote, maana najua si lake peke yake. Leo nimerudi.

Jibu fupi ni hili. Ndiyo, mtu anaweza kuwa muuguzi kisha akawa daktari. Wapo, tena wengine ni hodari sana. Lakini uuguzi si ngazi ya kupandia kwenda udaktari. Hizi ni nyumba mbili katika kiwanja kimoja. Ukitaka kuhama, unatoka katika nyumba ya kwanza, unavuka uani, unabisha hodi kwenye ya pili kama mgeni mwingine yeyote. Na ufunguo unaoulizwa pale mlangoni unachongwa sasa hivi, wakati ungali umevaa sare ya shule.

Usiku mmoja wodini

Kwanza tuelewane juu ya kazi zenyewe, kwa sababu wengi wetu tunazijua kwa nguo tu. Koti jeupe daktari, gauni na saa kifuani nesi. Basi.

Twende wote wodi ya wazazi, saa nane usiku. Mama amejifungua salama. Muuguzi mkunga amemchoma sindano ya kuusaidia mfuko wa uzazi ujikaze. Kila baada ya dakika 15 anarudi kitandani kwa yule mama. Anapima mapigo ya moyo. Anapima presha. Anagusa tumbo usawa wa kitovu kuona kama mfuko wa uzazi ni mgumu, kwa maana ukiwa mgumu ndiyo salama. Anatazama damu. Safari ya tatu anakuta tumbo limelegea, mapigo yanakwenda mbio, na damu imeongezeka. Mama mwenyewe anasema ana usingizi tu.

Yule muuguzi hasubiri. Anaita msaada, anasugua tumbo ili mfuko ujikaze, anaweka dripu, anatoa dawa iliyopangwa kwa hali hiyo, anatuma mtu amwite daktari wa zamu. Daktari anafika, naye kazi yake inaanza: damu hii inatoka wapi? Je, kipande cha kondo la nyuma kimebaki ndani? Kuna sehemu imechanika? Damu yenyewe inaganda au haigandi? Apelekwe chumba cha upasuaji au la? Inahitajika damu ya kuongezewa? Lazima aamue, tena haraka, na uamuzi ule atauandika na kuutia saini.

Asubuhi mama yu hai. Ndugu wanakuja na chupa za chai wanasema, "Tunamshukuru daktari." Na ni kweli wamshukuru. Lakini kama muuguzi asingerudi kitandani safari ile ya tatu, daktari angeitwa kuja kufanya nini?

Mmoja kazi yake ni kutafuta chanzo cha ugonjwa na kuamua tiba. Mwingine kazi yake ni kumwangalia mgonjwa saa zote, kumhudumia, na kutambua mapema kwamba hali inabadilika. Muuguzi si daktari aliyeishia njiani. Hata sheria imewatenganisha: wauguzi na wakunga wanasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, madaktari wanasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Leseni ya huku haigeuki kuwa leseni ya kule, hata ufanye kazi miaka 30.

Kila nyumba ina ngazi yake

Uuguzi una ngazi yake yenyewe. Cheti ni miaka 2, stashahada miaka 3. Shahada ni miaka 4, ikifuatiwa na mwaka wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi kabla ya leseni kamili. Baada ya hapo kuna uzamili na uzamivu. Mwuguzi mwenye stashahada akitaka kusonga mbele, mlango unaomfungukia moja kwa moja ni wa shahada ya uuguzi.

Udaktari ni shahada ya miaka 5 na utarajali wa mwaka 1. Njia kuu ya kuingia ni kidato cha sita, mchepuo wa PCB: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Njia ya pili ni stashahada ya utabibu, ile inayosomewa na matabibu mnaowakuta kwenye zahanati na vituo vya afya. Lakini stashahada peke yake haitoshi. Lazima uwe umefaulu kwa alama za juu, na tena chuo kinarudi nyuma kuangalia matokeo yako ya kidato cha nne: Fizikia, Kemia, Baiolojia, Hisabati na Kiingereza.

Umeona? Unaweza kuwa na miaka 25, una cheti cha chuo, una kazi, na bado mtu anakuuliza habari za Hisabati ya kidato cha nne.

Kaka wa yule mwanafunzi hakusema uongo kwa makusudi. Zamani matabibu walikuwa na daraja la kati. Tabibu aliyekwisha fanya kazi alirudi chuoni miaka 2 akawa daktari msaidizi, na kwa miaka mingi watu hao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa wajawazito katika hospitali za wilaya. Mafunzo yale yameshasitishwa, na hata yalipokuwapo yalikuwa ngazi ya matabibu. Ndiyo maana wazee na kaka zetu bado wanasema "utapanda tu". Wanakumbuka njia ambayo haipo tena.

Kisa cha rafiki yangu

Nina rafiki niliyesoma naye sekondari. Alipomaliza kidato cha nne aliambiwa maneno yale yale: anza na unesi. Hakuuliza zaidi. Akasoma stashahada ya uuguzi miaka 3, akapata kazi katika zahanati moja, akafanya miaka 2. Kazi aliipenda. Lakini kila alipoandika rufaa ya mgonjwa kwenda hospitali kubwa, alibaki na swali moja: kule wanamfanyia nini, na kwa nini? Alitaka kujua mwisho wa hadithi.

Alipoanza kuulizia udaktari ndipo alipogundua kwamba stashahada yake haimwingizi. Akaamua kuanza upya stashahada ya utabibu, miaka mingine 3, akikaa darasa moja na watoto waliotoka shule juzi. Na Hisabati yake ya kidato cha nne ilikuwa F. Kwenye uuguzi haikumzuia. Kwenye udaktari ilimsubiri mlangoni. Basi akarisiti, mtu mzima, akijifunza mafumbo ya kihesabu usiku. Kuna mfanyakazi mwenzake wa zamani aliyemwambia, "Unajifanya nani wewe? Nesi ni nesi." Alilia siku hiyo, kisha akarudi kwenye hesabu zake.

Leo ana miaka 27, yuko mwaka wa pili wa udaktari. Hebu tupige hesabu pamoja. Aliyemaliza kidato cha nne na miaka 17, akapita kidato cha sita moja kwa moja, anaweza kuwa na leseni ya udaktari akiwa na miaka 26 hivi. Rafiki yangu atakuwa na 32.

Nilimwuliza kama anajuta. Aliniambia, "Unesi siujutii hata kidogo. Ninachojutia ni kwamba sikuuliza." Maneno haya ndiyo yaliyonirudisha hapa Pugu leo.

Waliovuka na waliobaki

Msije mkadhani kuvuka ni jambo la kwetu tu. Huko Marekani, mwanamke mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari, Rebecca Lee Crumpler, alikuwa muuguzi kwanza. Aliuguza wagonjwa miaka 8 katika jimbo la Massachusetts, na madaktari aliofanya nao kazi ndio waliomwandikia barua za kumpendekeza chuoni. Aliingia mwaka 1860, akahitimu mwaka 1864, wakati ambao watu weusi wengi wa nchi ile walikuwa bado watumwa. Baada ya vita aliwatibu waliotoka utumwani.

Uingereza alikuwako Cicely Saunders. Alisomea uuguzi wakati wa Vita Kuu ya Pili, mgongo ukamsumbua, ikabidi aache. Akawa ofisa wa ustawi wa jamii hospitalini. Huko aliwaona wagonjwa wa saratani wakifa kwa maumivu makali na hakuna anayeshughulika nao, kwa sababu ilionekana hawana la kufanyiwa tena. Daktari mmoja wa upasuaji alimshauri asomee udaktari, la sivyo hakuna atakayemsikiliza. Alianza mwaka 1951 akiwa na miaka 33, akahitimu mwaka 1957. Mwaka 1967 alifungua jijini London nyumba ya kuwahudumia wagonjwa wa namna hiyo. Huduma hiyo ndiyo hii tunayoiita tiba shufaa. Ilifika kwetu Afrika Mashariki pia: mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda pale Kampala, na hapa Dar es Salaam wagonjwa wa saratani wanaipata Taasisi ya Ocean Road.

Mnaona huyu alivuka kwa ajili ya nini? Hakutafuta koti. Kulikuwa na kazi aliyoiona wazi mbele yake, na isingefanyika bila yeye kuwa daktari.

Sasa watazameni waliobaki. Edna Adan wa Somaliland ni muuguzi mkunga. Alijenga hospitali ya uzazi mjini Hargeisa iliyofunguliwa mwaka 2002, inayofundisha pia wakunga, na aliwahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi yake. Hakuhitaji kuitwa daktari. Jirani zetu Kenya, Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, alishinda mwaka 2022 tuzo ya kimataifa ya wauguzi iliyotolewa Dubai, kwa kazi yake ya kupigania elimu na kupinga ukeketaji kijijini kwao. Naye ni muuguzi.

Basi jiulize: unataka kuvuka kwa nini?

Kama ni kwa sababu watu watakuheshimu zaidi, nakushauri usubiri kidogo. Heshima ya koti inazoeleka haraka, lakini miaka ile 6 lazima uisome yote. Kama ni kwa sababu unadhani uuguzi ni wa wasichana na udaktari ni wa wavulana, hapo umepotea kabisa. Mpaka leo wodini kaka muuguzi anaitwa "daktari", na dada daktari anaitwa "nesi, niletee maji", na wote wawili wanacheka tu. Mtanzania mwanamke wa kwanza kuwa daktari, Profesa Esther Mwaikambo, alikuwa pia mwasisi wa Chama cha Madaktari Wanawake, MEWATA, mwaka 1987. Na ninyi wavulana mnaoona haya kuandika "uuguzi" kwenye fomu, mgonjwa mzito wa kugeuza kitandani anawasubiri.

Lakini kama ni kwa sababu lile swali la rafiki yangu linakukaa kichwani, yaani unataka kujua ugonjwa umetoka wapi na kubeba mzigo wa kuamua, basi hiyo ni sababu ya kweli. Ifuate.

Na habari ya fedha?

Hapa ndipo panapouma, na sitaki kuwadanganya. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inatoa mikopo kwa wenye uhitaji, na fani za afya zimekuwa zikipewa kipaumbele. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo imetolewa pia kwa baadhi ya stashahada, za afya zikiwamo. Kwa hiyo usiseme "sisi maskini, udaktari si wetu" kabla hujauliza.

Lakini sikilizeni jambo hili ambalo wengi hawalijui. Miongozo ya Bodi imekuwa ikitaka mwombaji awe hana kipato cha ajira rasmi. Yaani ule mpango wa "nipate kazi kwanza, halafu nisome" unaweza kukufungia mlango wa mkopo. Ukiwa mtumishi wa umma unahitaji ruhusa ya mwajiri kwenda masomoni, na ukirudi na shahada yako unaanza kufuatilia kubadilishwa kada. Na wakati huo huenda una mtoto, una kodi ya nyumba, na mama bado anakutegemea. Haishindikani, rafiki yangu anafanya. Ila ni mzigo, na ni haki yako kuujua uzito wake kabla hujaubeba.

Kwa upande mwingine, kama nyumbani kweli kunahitajika mshahara mapema, na kazi ya kukaa karibu na mgonjwa unaipenda, kuchagua uuguzi si kushindwa. Ila uchague kwa kuwa ni uuguzi, usiuchague kama kituo cha kusubiria basi.

Fanya haya kabla hujaacha Fizikia

1. Usiiache. Vyuo vya uuguzi navyo vinauliza Fizikia, pamoja na Kemia na Baiolojia. Kwa hiyo ile hoja ya kituoni haikuwa na mguu wa kusimamia. Na ukifikiria vizuri, presha ni nini? Dripu inashukaje? Hiyo yote ni Fizikia.

2. Usiidharau Hisabati. D moja leo ni nafuu kuliko kurisiti ukiwa na miaka 24.

3. Soma masharti mwenyewe. Ya shahada hutangazwa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Ya cheti na stashahada yako kwenye mwongozo wa NACTVET. Hubadilika, kwa hiyo usitegemee ya mwaka juzi wala ya kaka. Mwombe mwalimu wa taaluma mkae muusome pamoja.

4. Zungumza na watu wawili. Tafuta muuguzi mmoja na daktari mmoja, iwe kituo cha afya cha karibu au hospitali kama Amana. Waulize: siku yako mbaya kazini ikoje? Siku nzuri kila mtu anaweza kuisimulia. Siku mbaya ndiyo itakayokuonyesha kama kazi hiyo unaiweza.

5. Waambie nyumbani. Chukua karatasi, andika miaka na gharama za kila njia, ukae na mama na kaka. Wanakupenda. Wanachokosa ni habari kamili tu.

La mwisho, halafu niwaache mkale. Ninyi mnaishi Pugu. Mnajua kwamba hapa, katika shule iliyoitwa Mtakatifu Francis, ambayo leo ni Sekondari ya Pugu, alifundisha Julius Nyerere. Mwaka 1955 aliacha kazi ile ya ualimu akaenda kwenye siasa ya kudai uhuru. Alihama nyumba. Lakini mpaka anafariki mwaka 1999 tulimwita nani? Mwalimu. Hakuona haya kwa kazi aliyotoka nayo, na alipofika Ikulu aliendelea kufundisha.

Rafiki yangu naye, siku atakapokuwa daktari, anasema kitu cha kwanza atakachofanya wodini ni kumwuliza muuguzi wa zamu, "Umemwonaje mgonjwa usiku huu?" Hakuna aliyemfundisha hilo kwenye udaktari.

Yule mdogo wangu wa kituoni, najua unanisikia. Fizikia una kipindi saa ngapi kesho? Nenda ukakae mbele.



Jadilini katika klabu yenu

1. Katika kisa cha wodi ya wazazi, ni mambo gani aliyafanya muuguzi kabla daktari hajafika? Ingekuwaje kama asingeyafanya?

2. Kwa nini watu wengi wanadhani muuguzi ni daktari ambaye hakumaliza masomo? Mawazo hayo yana madhara gani kwa wagonjwa?

3. Mwanafunzi anataka udaktari, lakini nyumbani wanahitaji msaada wa fedha mapema. Mngemshauri nini? Gawaneni makundi mawili, kila kundi litetee njia moja, kisha mbadilishane.

4. Kila mmoja aandike sababu moja ya kweli inayomfanya aipende kazi anayoitaka. Someni kwa sauti. Je, ni sababu ya kazi yenyewe, au ni ya nguo na jina?